Aprili Singidani: perege wamejaa, na wengi ni mama

*Mvua zinaelekea ukingoni, ziwa limepanda na wikiendi ya kuvua imewadia kwa wakazi wa Mandewa na kata jirani za Manispaa ya Singida. Hali ya maji ni nzuri. Swali ni chombo gani kiingie majini.*

Perege jike akinaswa kwenye wavu msimu wa mvua, hutema. Mvuvi anapomkamata tumboni ili amchomoe matamvua kwenye uzi, mdomo unafunguka na punje za rangi ya njano, kubwa kiasi cha uwele, zinamwagika kwenye sakafu ya mtumbwi. Ukiinama kuzitazama utaona kwamba baadhi zimeshapata macho, vidoti viwili vyeusi kila moja. Nyingine zina mikia inayochezacheza kwenye maji yaliyotuama chini ya ubao. Baada ya dakika chache hakuna kinachocheza tena.

Samaki mwenyewe anatupwa kwenye ndoo. Kabla ya saa mbili asubuhi atakuwa kwenye beseni la mchuuzi, na kufikia mchana atakuwa amekaangwa kwa mafuta ya alizeti, ameegemezwa kwenye sahani ya ugali wa mtama na bakuli la mlenda. Ni chakula kizuri, tena cha bei nafuu kuliko sangara wa barafu anayepandishwa mlima Sekenke kwa lori kutoka Mwanza. Mama lishe wa Mandewa anayepikia walinzi, madereva wa bodaboda na ndugu wa wagonjwa waliolazwa Hospitali ya Rufaa ya Mkoa anamhitaji samaki huyo. Anamhitaji Aprili, na atamhitaji Aprili ya mwakani.

Kati ya mahitaji hayo mawili ndipo mgogoro wa Ziwa Singidani ulipo. Wikiendi kama hii, mvua zikiwa zinaaga na maji yakiwa juu, ndiyo inayovutia watu wengi kwenda kuvua. Ndipo pia samaki walio wengi wanapokuwa na watoto mdomoni.

Ziwa lisilo na mlango wa kutokea

Singidani na jirani yake Kindai ni maziwa ya bonde lililofungwa. Maji huingia kwa mvua na kwa vijito vinavyotiririka kati ya miamba ya matale inayoizunguka Singida, lakini hakuna mto unaoyatoa. Njia pekee ya maji kuondoka ni jua na upepo, na Singida haijawahi kukosa hata kimoja.

Mji uko kwenye uwanda wa juu, mita zipatazo 1,500 kutoka usawa wa bahari. Mvua huanza Novemba au Desemba na kukoma Aprili au mwanzoni mwa Mei. Baada ya hapo ni ukavu mpaka mwaka unakaribia kwisha. Kwa mwaka mzima, uwezo wa jua na upepo kuyakausha maji ni zaidi ya mara mbili ya mvua inayonyesha. Ndiyo maana ziwa hupanda kwa miezi michache, kisha hushuka polepole kwa miezi mingi, na kadiri linavyoshuka ndivyo chumvi na magadi yanavyokolea katika maji yanayobaki.

Samaki wengi hawawezi maisha hayo. Anayeyaweza ni perege wa maziwa ya magadi, ambaye wataalamu humwita *Oreochromis amphimelas*. Jina la *amphimelas* alipewa na Mjerumani Franz Hilgendorf, katika maelezo yaliyochapishwa mwaka 1905, na makao yake duniani kote ni maziwa machache ya Tanzania: Manyara, Eyasi, Kitangiri, Singidani na bonde la Bahi. Hakuna nchi nyingine yenye samaki huyu kwa asili. Mtu wa Mandewa anayenunua fungu la perege jioni anaweza kuwa anabeba nyumbani samaki ambaye mgeni kutoka Ulaya angelazimika kuvuka bahari ili amwone.

> Makao yake duniani kote ni maziwa machache ya Tanzania, na moja liko ndani ya Manispaa ya Singida.

Mvua zinapokuja, perege huyatambua mabadiliko. Chumvi inazimuliwa, majani ya ukingoni yanafunikwa na maji, chakula kinaongezeka. Dume husogea kwenye maji ya magotini na kuchimba kiota, shimo la duara kwenye mchanga au tope, analolilinda kwa ukali. Jike huja, hutaga, kisha huyakusanya mayai yote mdomoni na kuondoka nayo. Atakaa nayo takriban wiki mbili, mpaka vifaranga waweze kuogelea wenyewe. Hata wakishatoka, hatari ikitokea hurudi mbio mdomoni mwa mama.

Katika siku zote hizo jike hali, au hula kidogo sana. Jambo hili dogo lina uzito mkubwa katika mjadala wa nani avue nini wikiendi hii.

Ndoana na wavu si kitu kimoja

Samaki asiyekula hafuati chambo. Kwa hiyo mtu anayekaa kwenye jiwe na mshipi wake, ndoana ndogo na nyungunyungu au donge la ugali, mara nyingi atanasa madume, majike ambao hawajataga, na wale waliokwisha kuwaachia watoto. Jike mwenye mayai mdomoni atapita pembeni ya ndoana asishughulike nayo.

Wavu hauna subira hiyo. Wavu wa kutega humnasa yeyote anayepita, na majike wenye mayai hupita sana kwenye maji ya kina kifupi, maana ndiko wanakotafuta maficho ya kulelea. Kokoro ni baya zaidi. Hukokotwa kutoka majini kuja nchi kavu, likikwangua sakafu ya ziwa: viota vinafukiwa, vifaranga wa ukubwa wa kucha wanapanda ufukweni wakiwa wamefungwa kwenye tope na majani, na wengi hawana hata thamani ya kuuzwa. Nyavu za timba, zile za uzi mmoja wa plastiki usioonekana majini, zikipotea huendelea kuua bila mwenyewe, kwa kuwa hazioz­i upesi.

Sheria haina utata hapa. Sheria ya Uvuvi Na. 22 ya mwaka 2003 na Kanuni za Uvuvi za mwaka 2009 zinataka mvuvi awe na leseni, na zimepiga marufuku makokoro, timba, sumu na baruti. Hata hivyo, nyavu haramu zimeendelea kuingia katika maji mengi ya nchi hii, makubwa na madogo. Mwaka 2018 Operesheni Sangara ilichoma nyavu nyingi katika Ziwa Victoria, na kishindo chake kilisikika mpaka bungeni. Maziwa madogo kama Singidani hayana boti za doria za kiwango hicho, na pengine hayazihitaji. Yanahitaji kitu kingine, nitakachokirudia.

Wanayoyasema wavuvi

Wavuvi wa maziwa ya namna hii wana hoja mbili ambazo maofisa huzipuuza haraka mno.

Ya kwanza ni ukubwa wa samaki. Mvuvi akiambiwa atumie wavu wenye macho makubwa, hujibu kwamba atarudi na mtumbwi mtupu, kwa sababu perege wa maji haya ni wadogo. Ana ukweli. Perege anapoishi katika maji magumu, yenye chumvi inayopanda na hewa inayopungua, huwahi kuzaa akiwa bado mdogo. Samaki wa urefu wa kiganja anayeonekana mtoto machoni pa ofisa aliyezoea sato wa Victoria anaweza kuwa mama kamili. Kipimo cha macho ya wavu kilichokatwa kwa ajili ya Mwanza hakifai kuvishwa Singidani bila kupima samaki wa Singidani.

Hoja ya pili ni nzito zaidi. Ziwa litashuka. Kila mwaka linashuka, na mwaka wa ukame hushuka sana, chumvi inakolea, samaki wanakufa na kuelea. Usiku wa joto, baada ya siku ya mawingu, hewa ndani ya maji hupungua na alfajiri samaki huonekana wakihema juu juu. Sasa kwa nini mvuvi mwenye ada za shule za kulipa aache samaki Aprili, ili waje kufa bure Oktoba?

Anayetaka kulinda ziwa lazima alijibu swali hilo kwa heshima. Kumwambia mvuvi kwamba anaharibu mazingira si jibu.

Jibu liko kwenye kalenda

Maoni ya mwandishi wa makala haya ni kwamba hoja ya pili ya wavuvi, ikifuatwa mpaka mwisho wake, inaunga mkono kulindwa kwa Aprili. Kama kifo cha samaki wengi kinakuja maji yakishuka, basi wakati wa kuvua kwa nguvu ni Agosti mpaka mvua zinapokaribia: samaki wa msimu wamekua, wamekusanyika kwenye maji yaliyobaki, na wengi wao wasingeuona mwaka mpya. Kuvuna hapo ni kuokoa chakula ambacho kingeoza. Kumtoa jike mwenye mayai mdomoni mwezi wa Aprili ni kumnyima mvuvi yule yule samaki wake wa Agosti.

Utaratibu wa sasa, pale unapokuwapo, mara nyingi huenda kinyume. Katazo linakuja pale samaki wanapoonekana wameadimika, yaani ziwa likiwa chini, wakati ambapo mvuvi ana sababu nzuri kabisa ya kuvua. Mvua zikija na samaki wakionekana tele, watu wote wanalegea.

> Kumtoa jike mwenye mayai mdomoni mwezi wa Aprili ni kumnyima mvuvi yule yule samaki wake wa Agosti.

Tanzania inaujua utaratibu wa kupumzisha maji. Kuanzia tarehe 15 Mei mpaka 15 Agosti 2024, shughuli za uvuvi zilisimamishwa katika Ziwa Tanganyika kwa makubaliano ya nchi nne zinazolizunguka. Pwani, jamii za Mafia, Songosongo na Pemba zimekuwa zikifunga miamba yao kwa miezi kadhaa ili pweza wakue, na siku ya kufungua watu hujaa ufukweni. Pweza hukua haraka mno, kwa hiyo faida huonekana kabla watu hawajachoka kusubiri. Perege wa magadi naye hukua haraka. Hilo ndilo linalonipa matumaini.

Jirani zetu wa Kenya walifunga Ziwa Naivasha kwa wavuvi mwaka mzima kuanzia Februari 2001, perege wakiwa wameporomoka. Ilikuwa dawa chungu kwa familia zilizoishi kwa ziwa lile. Singidani haijahitaji dawa ya aina hiyo, na ikiwahiwa haitaihitaji.

Mfano unaofanana zaidi na wetu ni Chilwa, ziwa la Malawi lililo karibu na mpaka wa Msumbiji. Nalo ni la kina kifupi, nalo halina mto wa kutokea, nalo lina chumvi. Lilikauka mwaka 1968, likakauka tena 1995. Kila mara maji yaliporudi, samaki walirudi ndani ya miaka michache, kwa sababu baadhi yao walikuwa wamejificha kwenye vijito na vinamasi vinavyoliingia ziwa. Wachache waliookoka walitosha kuzaa wengi, ilimradi waliachwa wazae. Kwa Singida somo liko kwenye midomo ya vijito na madimbwi yanayobaki: hayo ni maghala ya mbegu. Bustani za mboga zikilimwa mpaka kwenye maji, na tope la mashamba likishuka na kila mvua, ghala linazibwa kabla ya kokoro kufika.

Kupandikiza ni njia ya mkato yenye miiba

Ziwa likipungukiwa samaki, pendekezo la kwanza kutolewa kwenye vikao huwa kumwaga vifaranga, na kwa kawaida ni wa sato. Wanakua wakubwa, wanauzika, vituo vya kuzalisha vipo.

Afrika Mashariki ina historia ndefu ya kuhamisha samaki. Mwaka 1905 Mwingereza Ewart Grogan alipeleka mayai ya trauti kutoka Scotland mpaka Mto Gura, milima ya Aberdare nchini Kenya. Samaki yule wa maji ya baridi alishika makazi, na baadaye akaenezwa katika mito mingine ya Mlima Kenya, huku kituo cha Kiganjo karibu na Nyeri kikizalisha vifaranga. Upande wetu aliwahi kupandwa katika vijito vya Kilimanjaro, Usambara na nyanda za juu za Mbeya. Trauti anataka maji yanayokimbia, safi, yenye changarawe na joto lisilozidi nyuzi 20 hivi. Singida hatakaa, na hakuna sababu ya kumtaka. Kinachofaa kuigwa kutoka mito ile ni desturi ya wavuvi wake. Tangu mwanzo trauti wa Kenya walivuliwa kwa kibali, kwa fimbo na ndoana, wavu ukikatazwa, kwa kuwa mto ni mdogo na kila samaki anaonekana.

Sangara naye aliingizwa Ziwa Victoria katika miaka ya 1950 na mwanzoni mwa 1960. Alileta viwanda na fedha za kigeni, na alikula aina nyingi za samaki wadogo ambao hatutawaona tena. Sato ana hatari ya namna nyingine. Watafiti waliozunguka mabonde ya mito na maziwa ya Tanzania wamemkuta sato wa kupandikizwa karibu kila kona, akishindana na perege wa asili na kuzaana nao. Machotara wakijaa, samaki wa asili anafutika bila hata kufa.

Katika Singidani, jambo hilo lingekuwa hasara mara mbili. Perege wa magadi amejengwa kwa ajili ya mwaka mbaya: chumvi ikipanda, yeye ndiye wa mwisho kufa. Kumbadilisha na samaki anayenenepa mwaka mzuri na kuelea mwaka wa ukame ni kuliacha ziwa bila mbegu siku litakapoihitaji. Sato wana mahali pao pazuri, kwenye mabwawa ya kufugia yaliyojengewa kingo, mbali na vijito vinavyoingia ziwani.

Hali ya maji wikiendi hii

Kwa anayetoka Mandewa Jumamosi alfajiri, matarajio ni mema. Mwishoni mwa masika maji huwa ya rangi ya kijani iliyochanganyika na udongo, na samaki husogea kwenye majani yaliyofunikwa. Upepo ndio unaotawala siku. Kwa kawaida hutoka mashariki na kusini-mashariki, hivyo ukingo wa magharibi hupigwa na mawimbi na kuchafuka mapema, ilhali upande wa mashariki hubaki tulivu kwa saa nyingi zaidi. Kukiwa shwari alfajiri, hapo ndipo pa kutupa mshipi. Mawimbi yakianza kuonyesha meupe, mtumbwi urudi. Ziwa la kina kifupi huinuka ghafla kuliko macho yanavyotegemea. Wingu zito la jioni nalo si la kudharau, maana radi haimwachi mtu aliyesimama peke yake katikati ya maji.

Anayevua kwa ndoana achague maji ya kiunoni kwenda mbele, aviache viota vya ukingoni. Viota huonekana vizuri jua likipanda, mashimo ya duara yaliyopangana kwenye mchanga. Dume anayelinda kiota hushambulia chochote, hata ndoana tupu, na kumnasa ni rahisi. Arudishwe majini.

Mnunuzi naye ana nguvu yake. Samaki mbichi ana macho maangavu yaliyojaa na matamvua mekundu, na nyama yake hurudi ukiibonyeza. Mafungu ya vifaranga wa ukubwa wa kidole, yanayouzwa kwa bei ya kutupa, yametoka kwenye kokoro. Hakuna chombo kingine kinachowaleta kwa wingi huo. Asiyeyanunua anamwambia mvuvi jambo ambalo ofisa wa doria hawezi kumwambia.

Nani ayalinde maji

Doria ya kushtukiza huwafundisha watu kuvua usiku. Kinachohitajika Singidani ni kikundi cha usimamizi wa rasilimali za uvuvi, BMU, chenye wavuvi wenyewe, wachuuzi wanawake na wakulima wa ukingoni, na kiwe na sauti halisi juu ya tarehe na mipaka. Wachuuzi wasiachwe nje. Wao ndio hupoteza mtaji katika mwezi wa kufunga, na wao ndio humpa mvuvi mkopo wa nyavu. Halmashauri inayotoa mikopo ya asilimia 10 kwa wanawake, vijana na watu wenye ulemavu inaweza kuulizwa kama mama anayekaanga samaki anaweza kuvushwa miezi hiyo kwa mtaji wa kuku au alizeti, biashara ambazo Singida inazijua kuliko mkoa wowote.

Na si lazima ziwa lote lifungwe. Ndoana zibaki, nyavu za kutega zenye macho yaliyopimwa kwa samaki wa hapa zibaki kwenye maji ya kina, na ghuba za kina kifupi pamoja na midomo ya vijito zipumzishwe tangu mvua za kwanza mpaka mwisho wa Aprili. Agosti, wote waingie. Mipaka yenyewe ichorwe Oktoba, ziwa likiwa chini kabisa, wakati mvuvi, mkulima na ofisa wanaweza kutembea kwa miguu juu ya tope lililokauka, wakaonyeshana ghuba zipi zitajaa maji, na kusimika vigingi kabla mvua hazijarudi.